Sura ya Saba: Meseji Isiyosomwa

Mwenye kadi ya mkopo kule Ulaya au Marekani huletewa taarifa yake mara moja kwa mwezi: kila alichonunua, wapi, tarehe gani, kwa kiasi gani, na chini kabisa jumla anayodaiwa. Anayejali mali yake huketi nayo jioni moja akaipitia mstari kwa mstari, na akikuta duka asilolijua, kesho yake asubuhi yuko kwenye simu na benki. Huku Mkange, mkoani Pwani, karatasi ya namna hiyo haifiki. Kinachofika ni kitu bora kuliko hiyo, ila bado hatujajua kukitumia. Kila shilingi inayoingia au kutoka kwenye laini ya simu huleta meseji papo hapo, yenye kiasi, jina, tarehe, saa, makato, salio jipya na namba ya kumbukumbu ya muamala. Ni taarifa ileile ya mwenye kadi, imekatwa vipande na kuletwa kimoja kimoja. Nasi tunatupia jicho salio, tunashukuru au tunaguna, na simu ikilalamika kuwa imejaa tunafuta zote kwa mpigo ili picha za harusi zipate nafasi.

Wizi mwingi wa fedha za simu na za benki huacha alama siku ileile unapofanyika. Alama hiyo hufika mpaka mfukoni mwa mwenye mali, na haisomwi. Sura hii nzima ni ombi langu kwako uanze kuisoma.

Mkange ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, kwenye njia inayotoka Mandera kupitia Miono kwenda Saadani baharini. Ni nchi ya ufuta, mahindi na korosho, ya wafugaji na ng'ombe wao, na ukikaribia pwani, ya dagaa na kamba. Ukitaka tawi la benki unapanga safari. Benki ya kila siku ni kibanda cha wakala: meza, daftari lenye kona zilizokunjika, simu mbili tatu za kiswaswadu zilizofungwa mpira wa manati, na mabango ya rangi za mitandao. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na baada yake zikaja Airtel Money, Tigo Pesa ambayo leo inaitwa Mixx by Yas, na HaloPesa. Ada za shule, mbegu, mchango wa msiba, nauli ya mgonjwa, vyote hivyo vinapita kwenye zile simu zilizofungwa mpira. Ndiyo maana nikizungumzia kukagua taarifa ya kadi hapa, kwanza nazungumzia kukagua laini ya simu. Kadi zenyewe nitazifikia mbele.

Mnyororo wa salio

Fungua meseji zako za fedha, anza na ya zamani kuliko zote. Tuseme ni simu ya mama anayenunua kamba wakavu Saadani na kuwauza. Meseji ya kwanza inasema salio lake ni shilingi 184,500. Inayofuata inasema amepokea 60,000 kutoka kwa mteja wa Dar es Salaam, na salio limekuwa 244,500. Hesabu inakubali. Jioni ametoa 40,000 kwa wakala, makato 1,900, salio 202,600. Inakubali tena. Siku mbili baadaye amenunua vocha ya 1,000, na meseji inasema salio jipya ni 198,600. Hapo asimame. Ukitoa 1,000 kwenye 202,600 inabaki 201,600. Shilingi 3,000 zimeondoka katikati ya meseji mbili, na meseji iliyozisindikiza haionekani.

Inawezekana kuna sababu njema. Mtoto amenunua bando akasahau kusema. Mkopo mdogo wa simu umejilipa wenyewe fedha ilipoingia. Kuna huduma ya nyimbo au ya michezo aliyojiunga nayo kwa kubonyeza bila kujua. Lakini inawezekana pia mtu ameijua namba yake ya siri, akachota kidogo ili aone kama mwenyewe huwa anaangalia, kisha akaifuta meseji. Kiasi kidogo ndicho kinachostahili kutiliwa shaka kuliko kikubwa. Laki tatu zikiondoka nyumba nzima itajua kabla jua halijazama. Elfu tatu zikiondoka kila Jumamosi kwa mwaka mzima, hakuna atakayejua, na mwisho wa mwaka ni 156,000.

Huo ndio mnyororo ninaotaka uushike: salio la meseji iliyopita, toa au jumlisha muamala, toa makato, upate salio la meseji inayofuata. Pete moja ikikosekana utaiona hata kama hujasoma zaidi ya darasa la saba, kwa kuwa hesabu yenyewe ni kujumlisha na kutoa. Na ukikuta pengo, usibishane na kumbukumbu zako. Piga *150*00# kama ni M-Pesa, *150*01# kama ni Mixx, *150*60# kama ni Airtel Money, au *150*88# kama ni HaloPesa, uingie kwenye akaunti yako uangalie salio na taarifa fupi ya miamala. Kilichoko kwenye mtandao hakifutiki kwa kufuta meseji ya simu.

Kuna watakaosema kwamba wananchi wetu hawana tabia ya kusoma vitu kama hivi. Sikubali hata kidogo. Tarehe 15 Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, na ndani ya siku chache nchi nzima ilikuwa inasoma. Watu walipiga picha meseji zao, wakazituma kwenye makundi ya WhatsApp, wakalinganisha kato moja na jingine, wakahesabu hadi shilingi ya mwisho. Kelele zile zilitoka kwenye meseji zilizosomwa vizuri, na Septemba mwaka huohuo serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30. Uwezo tunao. Tulichokikosa ni kuutumia siku ambazo hakuna anayepiga kelele.

Mnyororo huohuo ndio unaomkamata tapeli wa aina inayojulikana kuliko zote. Meseji inaingia: umepokea shilingi 150,000 kutoka kwa fulani. Dakika moja baadaye simu inaita, sauti ya mtu mwenye haraka, wakati mwingine ya mama analia: nimekosea namba, hiyo ni ada ya mwanangu, nirudishie tafadhali. Huruma ya Mswahili inajulikana, na tapeli anaifahamu kuliko sisi wenyewe. Sasa itazame ile meseji kwa karibu. Ya kweli hufika kwa jina la huduma na kujipanga chini ya zile za zamani za huduma ileile. Ya tapeli hutoka kwenye namba ya kawaida ya mtu na kukaa peke yake, hata kama maneno yamenakiliwa moja kwa moja. Kisha tazama salio. Tapeli anaweza kuijua namba yako, jina lako, hata jina la mjomba wako, lakini salio lako halijui. Ataliacha wazi au atabuni. Asubuhi ulikuwa na 12,700. Meseji ya 150,000 iliyo ya kweli lazima iseme 162,700. Ikisema kingine chochote, au isiposema kitu, hujapokea fedha. Na hata ikipatia kwa bahati, mwambie asubiri, kata simu, piga namba ya huduma uangalie salio mwenyewe. Mwenye fedha yake kweli anaweza kusubiri, na mtandao una utaratibu wake wa kurudisha muamala uliokosewa bila wewe kutuma chochote.

Kuhusu ile nyingine ya "ile hela tuma kwenye namba hii", sitaongeza mengi, wengi wetu tumeizoea. Inamnasa yule tu ambaye siku hiyo kweli alikuwa anadaiwa. Ipeleke 15040, namba ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeitenga kwa ajili ya kupokea taarifa za namba za matapeli.

Laini usiyoijua, mkopo usioukumbuka

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Utaratibu huo ulisaidia, na papo hapo ukafungua mlango mpya. Siku ya gulio anakuja kijana na mwavuli wa mtandao, mashine yake ya vidole mkononi, laini ni bure. Unaweka kidole. "Haijasoma, mzee, rudia." Unarudia. "Futa jasho kwanza, weka tena." Kwa vidole vya mkulima, ambavyo jembe limevisugua hadi mistari imefifia, maneno hayo yanaweza kuwa kweli tupu. Lakini pia yanaweza kuwa ni laini ya pili na ya tatu zinasajiliwa kwa jina lako, uondoke na moja, nyingine zikauzwe kwa watu ambao wiki ijayo watatapeli wengine. Polisi wakifuatilia, jina linalosomeka ni lako.

Dawa yake ni dakika moja. Piga *106#, chagua kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Orodha itakuja. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho, useme hii si yangu, ifungwe. Ningependa kila mtu apige namba hiyo kila baada ya gulio alilowekea kidole, na wazee wapigiwe na wajukuu wao.

Halafu kuna mkopo. Tunapenda kusema hatuna kadi za mikopo vijijini, lakini tangu M-Pawa ilipokuja mwaka 2014, na baada yake Songesha na wenzake, laini ya simu yenyewe imekuwa kadi ya mkopo. Unataka kutuma 20,000, una 14,000, mtandao unakuuliza kama ukuongezee. Unabonyeza ndiyo. Fedha itakayoingia kesho, iwe ya kamba au ya kibarua cha barabarani, inakatwa kwanza pamoja na gharama ya mkopo. Si wizi, ni huduma, na imewaokoa wengi usiku wa mgonjwa. Ila deni hilo linaonekana kwenye meseji tu, na asiyesoma meseji hudhani mtandao unamla. Mbaya zaidi, anayeijua namba yako ya siri anaweza kukukopea bila wewe kushika simu. Wewe utaliona deni siku fedha yako itakapoingia ikiwa pungufu.

Tofautisha huduma hizo na zile programu za kukopesha za kwenye simu janja, zinazoomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi na baadaye kuwatumia ndugu zako meseji za kukudhalilisha. Watu wameziita kausha damu, na jina limezikaa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Kabla hujabonyeza, tafuta kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

Anayesoma na anayeshika

Nafika kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote katika sura hii. Katika kila kijiji cha ukanda huu kuna wazee ambao hawasomi, au macho yamechoka na herufi za kiswaswadu hazionekani tena. Fedha zao ni za kweli: mtoto wa Dar anatuma, ufuta umeuzwa, shamba limekodishwa. Mzee anampa simu mjukuu, au anampa wakala, na namba ya siri anaitaja kwa sauti pale kibandani, watu watatu wakisubiri nyuma yake. Mjukuu anatoa fedha, mjukuu anasoma meseji, mjukuu anasema salio limebaki kiasi gani. Mtu mmoja ameshika fedha na ndiye anayeisoma taarifa. Simtuhumu mjukuu wa mtu. Nasema tu kwamba tumemweka mahali ambapo hata malaika angeshawishika.

Vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA, vililitatua hili zamani, bila benki kuvifundisha. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Kanuni hiyohiyo iingie kwenye simu ya mzee. Anayemtolea fedha awe mmoja, anayemsomea meseji awe mwingine, na wasiwe wa nyumba moja ikiwezekana. Mjukuu akatoe Jumatatu. Ijumaa mwalimu, au jirani, au binti wa pili amsomee mzee meseji za wiki, kiasi na salio, kwa sauti, mzee akisikiliza. Wazee wengi wasiosoma herufi wana vichwa vikali vya hesabu. Mtu aliyefanya biashara ya korosho kwa kibaba na pishi hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba 3,000 hazipo. Namba ya siri nayo aibonyeze mwenyewe. Ni tarakimu nne tu, zinafundishika, na mkono unazizoea kama hirizi.

Mkulima ana taarifa nyingine ya kukagua, tena kubwa kuliko ya simu. Ufuta na korosho za Pwani huuzwa kwa stakabadhi ghalani: unapeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, unapimwa, unapewa karatasi, mzigo unakwenda ghala kuu, mnada unafanyika chini ya chama kikuu cha ushirika, CORECU, na malipo yanaingia kwenye akaunti yako ya benki. Katikati ya bei ya mnada na kinachoingia kuna makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ushuru wa halmashauri, ghala, usafirishaji. Makato hayo ni halali na yanatangazwa. Lakini ni nani hukaa na kuzidisha kilo za karatasi yake kwa bei ya mnada ule, akatoa kila kato, akalinganisha na kilichoingia benki? Wachache mno. Wengi hupokea meseji ya benki, hufurahi, hukimbilia bati na pikipiki. Ile karatasi ya mizani ndiyo nusu ya taarifa yako. Ikipotea, huwezi kujua kama kilo 412 ziliandikwa 412 kule juu. Iwekwe pamoja na hati ya shamba, isifungiwe ugoro.

Bagamoyo inalijua suala la nani anashika daftari. Katika karne ya 19 mji ule ulikuwa kituo cha misafara ya kwenda Tabora na Ujiji. Mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki mwaka 1897, aliwapa wasafiri nguo, shanga na nyaya na kuwakusanyia wapagazi, mwenyewe akiwa Bagamoyo na daftari zake. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, alisafiri kwa mtaji wa tajiri Taria Topan wa Zanzibar. Hata forodha ya Sultani ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na vitabu vyake viliandikwa Kigujarati. Fikiria mtu aliyekopa shanga Bagamoyo, akakaa bara miaka, akarudi pwani kudaiwa kwa maandishi ambayo hawezi kuyasoma, yaliyotunzwa na anayemdai. Alipaswa kuamini tu. Leo mkulima wa Mkange anapata nakala yake mwenyewe, mkononi, sekunde ileile, kwa Kiswahili. Babu zake hawakuwahi kuwa na kitu hicho. Ndiyo maana inaniuma kuona kinafutwa bila kusomwa.

Printa ya Dhaka

Februari 2016 wezi waliingia kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh mjini Dhaka. Walitaka fedha za nchi hiyo zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye Benki ya Akiba ya Shirikisho (Federal Reserve) ya New York, na walituma maagizo ya malipo 35, jumla yakikaribia dola bilioni moja. Lakini ndani ya benki ile palikuwa na printa moja iliyokuwa inachapa kumbukumbu ya kila muamala usiku na mchana. Wezi waliizima. Ijumaa, siku ya mapumziko nchini humo, wafanyakazi waliikuta haichapi wakadhani imeharibika kama mashine yoyote inavyoharibika. Walipokuja kuifufua na kusoma, dola milioni 81 zilikuwa zimekwishafika kwenye benki moja mjini Manila. Dola nyingine milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka ziliokolewa na jicho la msomaji: neno moja katika jina la taasisi ya kupokea lilikuwa limekosewa herufi, mtu akauliza, malipo yakasimama.

Wezi wale, pamoja na ujuzi wao wote, waliiogopa karatasi. Walijua wakisomwa wameisha. Na hapa ndipo Dhaka inapofanana na Mkange: ukimya ni dalili. Anayeiba kwa simu yako atafuta meseji. Anayeiba kwa kuifufua laini yako upya kwenye kadi nyingine ya simu, akijifanya ni wewe uliyepoteza simu, atasababisha simu yako iandike hakuna mtandao. Tumezoea mtandao kusumbua, kwa hiyo tunaweka simu mezani na kungoja. Usingoje. Mtazame jirani mwenye laini ya kampuni ileile. Kama yake inafanya kazi na yako imekufa ghafla, azima simu yake upige 100 palepale, uwaambie wafunge laini yako.

Kampuni zenyewe nazo hupigwa. Oktoba 2020 nchini Uganda wezi walipenya mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa inaunganisha malipo kati ya benki na mitandao ya simu, na MTN, Airtel na benki ya Stanbic wakalazimika kusitisha kwa muda malipo kati yao. Yaani hata ukitunza namba yako ya siri vizuri kiasi gani, bado unahitaji kusoma, maana si kila mlango wa nyumba hii funguo zake unazo wewe.

Wenye kadi

Sasa kadi. Hata huku zipo: mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo, mtumishi wa kambi ya kitalii Saadani, kijana anayelipia matangazo ya biashara yake mtandaoni. Na kuna ndugu zetu walioko Muscat, London na Marekani ambao kadi ya mkopo kwao ni kitu cha kila siku. Mwizi wa namba za kadi kwa kawaida hazitumii siku anayozipata. Hujaribu kwanza kwa malipo madogo sana, dola moja au pungufu ya hapo, kwa jina la duka lisiloeleweka, kuona kama kadi iko hai na kama mwenyewe ameshtuka. Kimya chako ni ruhusa. Baada ya hapo hununuliwa simu ya laki nane au tiketi ya ndege. Kwa hiyo kwenye taarifa ya kadi anzia kwenye viasi vidogo, halafu malipo yanayojirudia kila mwezi, kisha ndiyo vikubwa.

Marekani ina sheria ya mwaka 1974 inayompa mwenye kadi ya mkopo siku 60 tangu taarifa yenye kosa ilipotumwa kulalamika kwa maandishi, na matumizi yasiyo ya ruhusa hayawezi kumgharimu zaidi ya dola 50. Ulinzi mkubwa, lakini hesabu ya siku hizo huanza taarifa inapotumwa, iwe imefunguliwa au imelala kwenye bahasha. Kwa wetu wa Tanzania wenye kadi za benki, washa meseji za kila muamala hata kama benki inatoza kidogo, kadi isiondoke mbele ya macho yako unapolipa, na zile tarakimu tatu za nyuma usizitaje kwa mtu anayepiga simu, hata akitaja jina la tawi lako na la meneja wake.

Ukishakuta tatizo

Fanya haraka, kwa mpangilio. Usifute kitu. Andika kwenye karatasi namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi, saa, na jina lililotokea, maana simu inaweza kupotea. Piga 100, ambayo ndiyo namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yetu yote, na ukumbuke kwamba mtandao ukikupigia wewe utatokea kwa namba hiyo 100. Anayejiita huduma kwa wateja kwa namba nyingine ni tapeli. Omba fedha zizuiwe kule zilikokwenda. Zikiwa bado hazijatolewa kwa wakala, upo uwezekano wa kuzipata. Zikishatolewa, kazi inakuwa ndefu. Badilisha namba ya siri. Nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyotoa, kwani wizi huu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mitandao haitoi taarifa za mwenye laini nyingine bila polisi kuziomba.

Kama ni benki, maneno ya kaunta hayatoshi. Andika barua, hata kwa mkono, ukurasa mmoja: akaunti, muamala, tarehe uliyogundua, unachoomba. Toa nakala. Yao waache nayo, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na jina la aliyepokea. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinakutaka uanzie kwa mtoa huduma wako, na usiporidhika ulipeleke lalamiko Benki Kuu yenyewe. Watakapokuuliza ulilalamika lini, utawapa nakala ile yenye muhuri, pamoja na meseji ambazo hukuzifuta.